Unataka VFX kwenye tamthilia yako? Mtafute mtu wa VFX kabla hujapiga hata shoti moja

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa maprodyuza na madairekta wa tamthilia na siriz, hasa nyie mnaopiga epsodi nyingi kwa bajeti ya kubana. Nimekaa miaka kadhaa sasa kwenye kazi ya VFX, yaani kuongeza au kubadilisha vitu kwenye picha kwa kompyuta, upande wa kompoziti, kuunganisha vipande vya picha viwe shoti moja, na simu inayokuja ni ileile, "kaka tumeshamaliza kupiga, kuna shoti kama ishirini hivi za VFX, utatufanyia shingapi?" Moyo unashuka palepale kabla hata sijaona faili, kwa sababu najua shoti ambayo ingekula nusu siku kama mngeniita mapema sasa hivi itakula siku tatu, na hizo siku tatu lazima mtu azilipe.

Niwape mfano mmoja. Nililetewa sini ya mama mkwe amekaa kwenye gari, nyuma ya dirisha kumetundikwa kitambaa cha kijani, mimi niweke barabara inayopita. Mama kavaa kitenge kizuri sana chenye majani ya kijani. Nilivyoondoa kijani majani yote yakatoboka, barabara ikawa inapita tumboni kwake. Alafu kitambaa chenyewe kilikuwa cha satini, kinang'aa, kina mikunjo ya kukunjwa dukani, upande mmoja mweupe kwa taa na mwingine giza. Shoti ilikuwa sekunde sita, kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu 150, na ilibidi nichore mstari kumzunguka yule mama fremu kwa fremu, nywele, hereni, ukingo wa mtandio. Kungekuwa na mtu wa VFX siku ile angesema kitu kimoja tu, mama abadilishe nguo au tutumie kitambaa cha bluu. Dakika tano.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni skripti. Ikishakamilika kaa na mtu wako wa VFX muipitie sini kwa sini, kila panapohitaji kazi ya kompyuta mpaandike namba na maelezo ya mstari mmoja. Kwenye tamthilia zetu vitu vyenyewe vinajirudia: skrini ya simu na TV, gari linalotembea, pacha wanaochezwa na mtu mmoja, jini anayetokea na kupotea, risasi na damu, kufuta bango la duka ambalo hamna ruhusa nalo. Katika hiyo orodha nusu unaweza ukaimaliza bila kompyuta na mtu mkweli wa VFX atakwambia hivyo. Simu kwa mfano. Badala ya kupiga simu yenye skrini ya kijani, tengeneza picha ya meseji mapema, iweke kwenye simu yenyewe, muigizaji aifungue mbele ya kamera, kazi imeisha. Kama lazima ibadilishwe baadaye basi msiweke kijani chenye mwanga mkali, kinamwagikia vidole na kucha na kidevu chote kinakuwa kama cha mgonjwa. Punguza mwanga mpaka karibu na mwisho, au zima skrini kabisa mbandike alama ndogo kwenye kona, ule mng'ao wa kioo cha simu unaobaki ndio unafanya watu waamini.

Pacha nawaelezea kwa kirefu maana ndio shoti inayoharibiwa kuliko zote na ni rahisi mno ikipigwa vizuri. Kamera juu ya tripodi, weka mfuko wa mchanga miguuni, baada ya hapo hakuna anayeigusa. Fokasi isiwe ya otomatiki, mwanga usiwe wa otomatiki, rangi isiwe ya otomatiki. Chagua mstari wa kugawa picha kwenye kitu kilichosimama, ukingo wa mlango au kabati, na muigizaji asivuke huo mstari hata kwa kiwiko. Piga upande wa kulia, abadilishe nguo haraka, piga wa kushoto, alafu mpige na klin pleti, yaani chumba hichohicho bila mtu yeyote, sekunde kumi zinatosha. Hiyo klin pleti msiisahau kwa shoti yoyote ya VFX, jini akipotea bila klin pleti mimi natakiwa nichore ukuta kwa mkono. Na ogopeni dirisha! Mkianza saa tisa alasiri, kubadilisha nguo kukachukua saa nzima, jua limeshahama, pacha mmoja ana kivuli kifupi mwingine kirefu.

Skrini ya kijani nayo ina sheria zake chache. Kitambaa kisichong'aa, kipigwe pasi au kivutwe kwenye fremu mpaka kinyooke, kiwe na taa zake chenyewe mbali na taa za muigizaji, mwanga uwe sawa kote. Muigizaji asimame mita mbili au tatu mbele yake, akikaribia kijani kinamrudi mabegani na kwenye nywele, na nywele zetu za afro na rasta zina kingo nyingi ndogondogo ambazo ukizikata vibaya mtu anaonekana kavaa helmeti. Alama za tepu za kufuatilia mwendo wa kamera ziwekwe, lakini sio nyuma ya nywele. Rekodini kwa 10-bit 4:2:2, ile mipangilio ya kamera inayotunza rangi zaidi, kama kamera inaweza, zile faili za 8-bit 4:2:0 zimeshatupa sehemu kubwa ya taarifa za rangi na ukingo unakuja na meno. Umeme wetu ni wa hezi 50, mkipiga fremu 25 kwa shata ya 1/50 taa nyingi hazitachezacheza.

Mtu mmoja pale seti apewe daftari. Kila shoti ya VFX aandike lenzi ya milimita ngapi, kamera iko urefu gani kutoka chini, imeinama kiasi gani, umbali mpaka kwa muigizaji, saa ngapi. Kama kuna kitu cha 3D, yaani kilichoundwa kwenye kompyuta, kitakachoingia, shikeni mbele ya kamera tufe la kijivu lisilong'aa na lingine linalong'aa kama kioo, sekunde chache tu kila moja, la kijivu linatuonyesha mwanga na kivuli, la kioo linatuonyesha taa zilikuwa wapi.

Kuhusu silaha nasema kwa uzito wote. Mwaka 2021 huko New Mexico, Marekani, mpigapicha Halyna Hutchins alipigwa risasi akafariki kwenye maandalizi ya sini, bastola ilitakiwa isiwe na risasi ya kweli. Mwale wa bastola kwenye kompyuta ni kazi ya fremu moja mbili tu, hata kijana anayejifunza anaiweza. Tumia bastola ya plastiki, muigizaji arushe mkono kidogo kuonyesha mshtuko, mwale na moshi tutaweka sisi. Hamna shoti inayostahili maisha ya mtu.

Sasa mtu mwenyewe anapatikana wapi. Vipaji vipo. Kule Nairobi, series ya katuni ya Tinga Tinga Tales iliyoanza kurushwa 2010 ilitengenezwa palepale na wasanii wa Afrika Mashariki, na ilitoka kwenye mtindo wa picha wa mtu wetu wa Dar, Edward Saidi Tingatinga. Chuo cha ADMI pia kipo Nairobi kinafundisha mambo ya filamu na animesheni. Hapa Dar wengi wamejifunza wenyewe mtandaoni kwa Blender na DaVinci Resolve, programu ambazo unaanza nazo bila kulipa hata senti, utawakuta wakifanya grafiki za vituo vya TV, video za Bongo Fleva, video za harusi, media za makanisa. Msiwadharau wa harusi, wamezoea kufanya kazi na picha mbaya kwa haraka. Wa video za muziki wana macho ya kupendezesha, ila wengine wanataka kila kitu kiwake, na VFX ya tamthilia nyingi inatakiwa mtazamaji asijue kama ipo.

Ukiangalia video ya kazi zake usiishie kwenye mlipuko na roboti. Omba brekidauni, picha kabla na baada, alafu muulize, hapa wewe ulifanya nini hasa? Shoti moja inaweza kupita kwa watu wanne, mmoja kafanya roto (kuchora mstari kumzunguka mtu fremu kwa fremu), mmoja treking (kufuatilia mwendo wa kamera), mmoja 3D, mmoja kompoziti, na wote wanaiweka kwenye video zao kwa haki kabisa. Angalia miguu ya kitu kilichowekwa, inateleza juu ya ardhi? Weusi wa kitu kilichoongezwa unafanana na weusi wa picha? Alafu mpe jaribio la shoti moja halisi kutoka kwenye kazi yako na umlipe. Narudia, umlipe. Kuna watu wanatuma "jaribio" kwa vijana kumi, kila mmoja shoti tofauti, wanakusanya kazi wanapotea. Hiyo ni dhuluma, na wale vijana wakishaumizwa wanaacha hii kazi wanaenda kutafuta kingine.

Bei iwe kwa shoti, sio "hiyo epsodi nzima utafanya kiasi gani". Kila shoti ipewe jina, mfano MKWE_103_012_0010, tamthilia, epsodi, sini, shoti, na namba za shoti mzifanye ziruke kumikumi ili ikiongezeka shoti katikati ipate nafasi. Mkubaliane marekebisho mara ngapi, mbili au tatu ni haki, zaidi ya hapo yana bei yake. Hili sio jambo dogo. Kampuni kubwa ya Marekani, Rhythm & Hues, iliomba kinga ya kufilisika Februari 2013, siku chache tu kabla kazi yake haijachukua Oscar ya VFX, na bei isiyobadilika huku mabadiliko yakiendelea kuja ni moja ya mambo yaliyoziumiza kampuni za aina ile. Kama wao walianguka, kijana wa Mbagala mwenye kompyuta moja atasimamaje? Andikeni mkataba hata wa kurasa mbili, kianzio kiasi gani, kinacholipwa kazi ikifika nusu, jina lake kwenye orodha ya mwisho, na ruhusa ya kuonyesha kazi yake baada ya epsodi kurushwa.

Kabla ya kutuma chochote edit iwe imefungwa. Ukikata tena baada ya hapo unatupa kazi ya mtu. Kila shoti iende na fremu nane au kumi za akiba mbele na nyuma, na iwe picha ya asili kabla ya greding, yaani kabla haijarekebishwa rangi. Mjue pia mnampelekea nani. Netflix kwa siriz wanazoagiza wenyewe wana orodha ya kamera walizozikubali na wanataka 4K, hilo lijulikane kabla ya kukodi kamera. Picha za EXR, aina ya faili tunayotumia kwenye VFX, ni nzito, fremu moja ya UHD (4K ya TV) bila kubanwa ni kama MB 50, shoti ya sekunde nne fremu mia ni GB 5, kwa bando la simu mtalia. Nimeshapokea hadi diski kutoka Arusha kwa basi ikafika kesho yake salama, ila nakala nyingine ibaki kwenu siku zote. Za kuangalia na kutoa maoni zitumwe ndogo, MP4 inatosha.

Na renda zote, yaani kompyuta inapotoa shoti iliyokamilika, zitoke kama picha mojamoja, sio video nzima. Umeme ukikatika baada ya fremu ya 80 unaanzia ya 81, video nzima ikikatika unaanza upya. Mtu asiye na UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, mkumbushe kwa upole.

Maoni yatoke kwa mtu mmoja. Dairekta anasema moshi uongezwe, prodyuza upunguzwe, mwenye pesa anauliza moshi wa nini. Kaeni kwanza, mkubaliane, aandike mmoja kwa namba ya fremu: "fremu 1045, kivuli chini ya mkono kimepotea." Sio "hapa sijui pakoje". Na muangalie kwenye TV ya kawaida ya sebuleni, kwenye simu makosa mengi yanajificha.

Kazi ikiisha usichukue faili la mwisho tu. Omba projekti, zile sura za 3D, klin pleti na daftari la seti, viweke kwenye diski mbili sehemu mbili tofauti, na hili liwe limeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo pamoja na malipo yake. Msimu wa pili ukija yule jini anatakiwa atokee na moshi uleule.