Kabla Hujashusha Giaboksi: Mambo ya Kuzingatia Unapobadilisha Klachi ya Impreza WRX

Klachi ya Subaru Impreza WRX haifi siku moja. Huanza kuteleza ukiwa gia ya nne au ya tano, kwenye mwinuko, pale tabo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi) inapoanza kuvuta: unakanyaga mafuta, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka, lakini spidi iko palepale. Siku chache mbele inakuja harufu kali ya kuungua, ile inayobaki garini hata ukishusha vioo vyote. Hapo wengi hukimbilia Kariakoo kununua seti, kisha wanampigia fundi simu. Naomba usiharakishe. Nimefungua klachi za kutosha kwenye magari haya kuamini kwamba kazi hufaulu au huharibika kabla giaboksi haijaguswa, na kosa kubwa kuliko yote ni kununua nguvu ambayo sehemu nyingine za gari haziwezi kuibeba.

Hakikisha kwanza kinachoumwa ni klachi. Kuteleza na kukataa kuachia ni maradhi mawili. Gia zikiingia kwa kukwaruza, hasa rivasi, au pedali ikizama na kurudi kwa uvivu, mara nyingi tatizo liko kwenye masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) au ile silinda ndogo iliyokaa juu ya giaboksi. Fungua kikopo cha mafuta ya klachi. Yakiwa meusi au yamepungua, inua mpira wa silinda ndogo uone kama kuna majimaji ndani. Silinda hiyo hubadilishwa bila kushusha chochote, na nimeona watu wakilipia giaboksi kushushwa kwa sababu ya mpira uliochoka. Kuteleza kwenyewe kunapimwa hivi: barabara tupu iliyonyooka, gia ya nne, rpm 2,500, kanyaga hadi chini. Injini ikikimbia peke yake, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu, maana kila jaribio linakula kilichobaki na kuchoma flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hushika.

Halafu lijue gari lako kwa msimbo. Ukimwambia muuzaji “Impreza ya 2003” hujamwambia kitu: inaweza kuwa isiyo na tabo, inaweza kuwa WRX yenye msimbo GDA, inaweza kuwa STI, toleo lenye nguvu zaidi, yenye msimbo GDB, na klachi zake si za kubadilishana ovyo. STI ya gia sita inachukua pleti (sahani inayosuguana na flaiwili) ya milimita 240. GDA ya gia tano ina presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili) inayovutwa na beringi ili iachie, wakati Subaru nyingi zisizo na tabo huisukuma. Duka moja liliwahi kunipa seti ya kusukuma kwa gari la kuvuta. Boksi lilikuwa safi na namba ilionekana sawa. Niligundua wakati giaboksi imeshalala sakafuni, na gari likakaa juu ya stendi siku nne likisubiri seti nyingine. Tangu hapo, napiga picha kibati cha modeli kilichomo kwenye chumba cha injini, naenda na picha hiyo dukani, na seti ikifika nafungua boksi palepale kaunta. Giaboksi ikishuka, kabla ya kufunga chochote, pleti mpya naivalisha kwenye shafti ya giaboksi nione kama meno yanateleza bila kulazimisha.

Sasa tuje kwenye kuongeza uwezo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Uwezo wa klachi unatokana na mambo manne: jinsi malighafi ya pleti inavyong'ang'ania, nguvu ya springi ya presha pleti, upana wa pleti, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Ukitaka klachi ibebe zaidi lazima uguse mojawapo, na kila moja ina gharama yake. Springi nzito inafanya pedali iwe ngumu, na mguu utausikia uzito huo kwenye foleni ya Mwenge jioni. Pia kila unapokanyaga, mzigo huo unaegemea beringi inayozuia krenkishafti isicheze mbele na nyuma. Pleti ya seramiki yenye vipande vichache inashika kama taya la mamba: ama imeachia ama imeshika, katikati hakuna. Kwa gari la mashindano ni sawa. Kwa gari linalopanda daraja la juu taratibu nyuma ya daladala, ni mateso kwa dereva na kwa giaboksi.

WRX ya GDA iliyotoka Japani ina nguvu ya farasi 250 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya takribani Nm (niutoni mita) 333. Kama injini haijaguswa, seti ya kiwango cha kiwandani, kutoka kwa watengenezaji kama Exedy au Aisin, inatosha kabisa, na sioni haya kumwambia mtu hivyo hata kama alikuja na ndoto kubwa. Kama umeongeza busti (msukumo wa hewa ya tabo) na kubadilisha programu ya injini, pata kwanza toki halisi, ikiwezekana kwa kupimwa, kisha nunua klachi yenye nafasi ya asilimia 20 hadi 30 juu yake. Pleti ya kawaida yenye presha pleti nzito kidogo inawafaa wengi. Usinunue ya Nm 700 eti ndiyo ya mwisho. Giaboksi ya gia tano ya WRX inajulikana duniani kote kwa udhaifu wa meno yake, na klachi inayoteleza kidogo wakati wa kuondoka kwa fujo ndiyo inayoyalinda. Ukiiondolea klachi kuteleza huko, mshtuko unahamia kwenye gia. Nimeshika mkononi gia ya tatu iliyokatika meno mawili, siku chache baada ya mwenye gari kufungiwa klachi ya mashindano. Chuma kilikuwa kinang'aa pale palipovunjika, kama sukari guru iliyopasuliwa.

Flaiwili nyepesi nayo inavutia: injini inapanda rpm haraka. Lakini gari linakuwa jepesi kuzimika wakati wa kuondoka, na kelele za giaboksi ukiwa umesimama zinaongezeka. Kama gari lako lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, usikubali ikerezwe ovyo. Hiyo hukaguliwa, ikichoka hubadilishwa. Ya kipande kimoja hukerezwa vizuri, mradi fundi wa mashine aondoe kidogo tu na aache uso sawa. Ukiona duara za kung'aa zilizochimbika, ujue riveti za pleti ya zamani zilishafika kwenye chuma.

Usinunue seti ya klachi peke yake. Nyuma ya flaiwili kuna sili ya krenkishafti, na kwenye injini za EJ, ndizo za Impreza hizi, kuna pia kibao kinachofunika tundu la hewa na mafuta. Kwenye nyingi za zamani kibao hicho ni cha plastiki, na kwa joto la miaka kinapinda na kuanza kutoa jasho la mafuta. Weka cha chuma. Mara moja nilikubali kuviacha kwa sababu vilionekana vikavu, na mwenye gari alikuwa anabana bajeti. Miezi mitatu baadaye tulishusha giaboksi tena: pleti karibu mpya, imelowa, imekuwa nyeusi na laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Pleti iliyonywa mafuta haisafishiki. Ongeza kwenye orodha sili ya shafti ya giaboksi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, beringi ya klachi yenyewe, na kagua uma, ule mkono unaoisogeza beringi hiyo. Pitisha kidole kwenye shingo ya alumini ambayo beringi huteleza juu yake. Ukikuta mifereji, beringi mpya itakwama humo na pedali itakuwa na mikwaruzo. Kuna vifaa vya kuivalisha shingo hiyo bomba la chuma.

Kuhusu vifaa vya kazi, kimoja huwakwamisha mafundi wasioizoea Subaru yenye klachi ya kuvuta. Giaboksi haitoki kwa kung'ang'ania bolti za nje tu, kwa sababu uma bado umeshikilia beringi iliyofungwa kwenye presha pleti. Pembeni ya giaboksi kuna kizibo kinachofunguliwa kwa spana ya L ya milimita 10. Ndani yake kuna shafti ya uma; unaingiza bolti ya milimita 6, unaivuta, uma unalegea. Fundi asiyelijua hili hutumia mtaimbo, na nyumba ya giaboksi hupasuka. Muulize kabla hujamkabidhi funguo. Muulize pia kama ana spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza bolti: bolti za flaiwili zinafungwa Nm 72, za presha pleti karibu Nm 16 tu, kwa mpangilio wa kuvukana, bolti moja kisha ile iliyo mkabala nayo. Andaa stendi nne imara, jeki ya giaboksi, kifaa cha kuweka pleti katikati, na mafuta ya giaboksi ya 75W-90, lita 3.5 hivi. Vumbi la klachi usilipulize kwa upepo, lisafishe kwa dawa ya kusafishia breki, na mtu asilivute.

Baada ya kufunga, ondoa hewa kwenye mfumo wa pedali kabla ya kushusha gari chini, kisha jaribu gia zote injini ikiwa imezima, halafu ikiwa inanguruma. Kilometa 800 za mwanzo endesha za mjini, kuondoka na kusimama, bila kuvuta kwa nguvu wala kushikilia gari mlimani kwa klachi. Foleni za Dar, ambazo sote tunazilalamikia, ndizo zinazozoesha nyuso mbili kukaliana vizuri. Safari ya kupanda Kitonga isubiri wiki chache.