Somo: Chai ya maganda ya kahawa, harufu inatoka wapi na inapotelea wapi

Habari wakuu. Kuna watu wameniomba niandike jinsi ninavyotengeneza chai ya maganda ya kahawa, ile wengine wanaita kaskara, neno la Kihispania lenye maana ya ganda tu, hakuna miujiza hapo. Nitaenda kirefu kidogo maana kila siku naambiwa "nimejaribu, haina ladha" au "inanuka" na karibu mara zote kosa haliko kwenye sufuria, liko kwenye kichanja, siku mbili za kwanza baada ya kumenya.

Kabla ya yote ondoa kahawa kichwani. Ile harufu ya kahawa unayoijua inazaliwa mbegu ikikaangwa, na ganda halijapita kwenye kikaango. Hii ni chai ya tunda, yaani ngozi na nyama inayozunguka mbegu. Ya kwangu ni arabika ya huku Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, ikitoka vizuri inakuwa na rangi ya juisi ya ukwaju, ukisogeza pua unapata zabibu kavu, nyuma yake asali, ukimeza unakuja ukali wa rozela unaobana pembeni ya ulimi, afu inabaki tende. Mdogo wangu alisema "kaka hii ni maji ya ukwaju yaliyopita karibu na tumbaku", nikamcheka, ila kweli ile tumbaku ipo, hasa ganda likishakaa miezi kadhaa.

Na sio jambo geni duniani. Yemen wanaita qishr, wanachemsha maganda na tangawizi, Bolivia wanaita sultana. Sisi ndio tumezoea kuyamwaga shimoni yanajaa inzi, au mtoni, kitu kibaya zaidi.

Hatua ya 1: matunda. Chuma mekundu yaliyoiva tu. La kijani linaleta uchungu na ladha ya majani mabichi, lililopitiliza limeshaanza kuchachuka mtini. Afu suala la dawa, hili msilipite haraka: hapa unakunywa ganda, na ganda ndio linalopigwa dawa. Mti uliopigwa kopa (dawa ya shaba) ya chulebuni, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda, au dawa ya ruhuka, mdudu anayetoboa matunda, wiki hizi usiuguse. Mi nachuma kwenye ile miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, dawa ya ukungu siipigi kabisa.

Hatua ya 2: osha tunda likiwa zima, yanayoelea toa, ndio umenye, siku hiyohiyo. Baada ya kumenya usioshe ganda tena, utamu wote utaenda na maji. Kilo 100 za matunda zinatoa kama kilo 40 za ganda bichi, likikauka unabaki na kilo kama kumi au pungufu, hivyo usishangae kichanja kimejaa asubuhi na baada ya siku chache kuna kiasi kidogo tu. Mashine ya kumenyea nayo isuguliwe, mabaki ya jana kwenye meno yake yanachachua ya leo.

Hatua ya 3: kuanika, na hapa ndio somo lenyewe. Ganda bichi lina maji mengi na sukari nyingi, likilundikana hata usiku mmoja linaanza kuchacha. Tandaza kwenye wavu, sio chini wala kwenye turubai, unene wa kidole kimoja hivi usizidi, siku ya kwanza geuza kila nusu saa, ndio, kila nusu saa, mtoto akiwa likizo mpe hiyo kazi. Fuata pua. Asubuhi ya kwanza linanukia kama tikiti lililokatwa. Jioni, kama jua lilikuwepo, limeshakuwa na weusi wa zambarau na unapata asali. Siku ya tatu unasikia zabibu. Ila ukifika siku ya pili ukasikia kitu kama mbege, pombe yetu ya ndizi, tamu yenye kuchoma puani, ujue ulitandaza nene, chambua sehemu za juu zilizo kavu uokoe unachoweza. Ukisikia siki au gunia bichi hapo hakuna cha kuokoa. Manyunyu yakija funika na nailoni lakini acha upepo upite chini, na usiku funika pia, umande unarudisha unyevu wote ulioutoa mchana.

Limekauka lini? Chukua kipande ukunje. Kikikunjika kama ngozi bado, kikikatika kwa sauti tayari. Kwangu ni siku nne mpaka sita, Julai na Agosti kukiwa na ukungu wa mlimani inaenda wiki.

Hatua ya 4: kuhifadhi. Chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na jiko. Mwaka wa kwanza mama aliniwekea kilo mbili darini juu ya moshi, kama tunavyoweka mahindi, kwa nia njema kabisa. Chai ikatoka na harufu ya samaki wa kubanika. Tulikunywa kimyakimya kwa heshima yake.

Hatua ya 5: kupika. Gramu 7 au 8, ni kama kiganja kisichojaa, kwa kikombe cha mililita 250, dakika 5, chuja. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa hiyo namimina moja kwa moja, walio Dar acheni yatulie dakika moja. Usichemshe pamoja kwa muda mrefu kama unataka harufu, ile ya maua na asali inaondoka na mvuke wa kwanza unabaki na ukali na rangi. Ukitaka ya kuchemsha basi fanya kama Wayemeni, weka tangawizi na mdalasini, ni kinywaji kingine na kitamu pia. Na ya baridi: gramu 60 kwa lita moja ya maji ya kawaida, friji saa 12 mpaka 18. Hii ndio naipenda kuliko zote, ukali unapungua na ile zabibu inakuwa nene kama sharubati.

MASWALI YA WADAU

Mkuu inafukuza usingizi kama kahawa?
Kafeini ipo, ila kidogo. Kuna wakaangaji wa London, Square Mile, walipeleka ikapimwa wakapata kama miligramu 110 kwa lita, kahawa ya kuchuja wao waliiweka 400 hadi 800. Mi nakunywa saa mbili usiku nalala. Dada uliyesema ni mjamzito, ihesabu pamoja na chai na soda zako, na uulize kliniki.

Nimesikia kaskara ni dawa inayoharisha, ni kweli?
Hiyo ni kitu kingine, kaskara sagrada, magome ya mti wa Amerika Kaskazini. Majina yamegongana tu.

Niliweka maziwa yakakatika, shida nini?
Shida ni ukali, hii ina asidi kama rozela. Kunywa bila maziwa, na ukitaka utamu tia asali.

Sisi Kagera tuna robusta, tunaanika tunda zima ndio tunakoboa. Maganda yale yanafaa?
Yanafaa kama tunda lilikauka safi, sio lililoanikwa chini kwenye vumbi. Nilionja ya ndugu mmoja wa Bukoba: nzito, utamu kidogo, ina kitu kama mbao na kakao, harufu ya maua hamna. Kwa kuchemsha na tangawizi naona inaizidi hata ya kwangu. Na nyie mnatafuna kahawa na ganda lake tangu zamani, mnatakiwa mtufundishe.

Shikamoo mwalimu. Soko lipo nje?
Marahaba. Ulaya waliiruhusu rasmi Januari 2022, arabika na robusta zote, kwa hiyo mlango uko wazi, ila wanunuzi wanapima ukungu na mabaki ya dawa. Anza na kilo tano za mahoteli na kafe za karibu, kichanja kimoja kilichosimamiwa vizuri.

Ya kwangu ina madoa meupe na inanuka gunia kidogo, nikichemsha sana si itakuwa salama?
Hapana ndugu yangu. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaga kwenye migomba, uanze upya na matunda ya mchumo unaofuata.