Kufundisha historia ukianzia habari ya leo: kipindi cha Bahari Nyekundu

Walimu wenzangu wa historia, mtoto wa Mombasa ukimwanzia na 1498 ubaoni anasinzia, lakini mwanzie na meli uone, manake nyumba nyingi hapa zina mtu wa bandarini Kilindini. Mimi kipindi cha dakika 40 nakiendesha hivi.

Kwanza chagua habari moja tu. Yangu ni Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, kushambulia meli Bahari Nyekundu, kuanzia Novemba 2023. Kila mwanafunzi aandike kimyakimya anachojua kabla mtu hajafungua mdomo, na hii usiiruke, kwa sababu habari yenyewe imeshikana na vita vya Gaza na kuna watoto inawauma kweli, ukianza na mjadala, wenye sauti ndio watasikika peke yao.

Pili gawanya ubao: TUNAJUA na TUMESIKIA. Video ya wasap inakaa TUMESIKIA, haihami mpaka waseme nani alirekodi, wapi, lini.

Tatu, tufe la dunia na uzi. Ramani ya ukutani inadanganya urefu, kwa hivo azima tufe. Pima Mumbai hadi Rotterdam kupitia mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, alafu pima tena ukizunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, njia ambayo meli nyingi zilifuata kukwepa mashambulizi. Wakuambie wenyewe hizo siku na mafuta ya ziada nani analipa.

Nne ndio uulize: kabla ya mfereji nani alipita huko Rasi? Hapo Mreno Vasco da Gama anaingia mwenyewe, Aprili 1498 katia nanga Mombasa. Shajara ya safari ile inasema watu wa Mombasa waliogelea usiku wakaanza kukata kamba ya nanga. Rudi ubaoni: hii tunaiweka wapi? Wengi watasema TUNAJUA, imeandikwa. Waulize nani aliandika. Alafu wasomee kilichotangulia, shajara hiyohiyo inasema usiku ule Wareno waliwamwagia mateka wawili mafuta ya moto ili waseme. Nyamaza, waache wabishane, hapa hata dakika 15 sio nyingi.

Mwisho ngome ya Fort Jesus hapa Mombasa, Wareno walianza kuijenga 1593. Ukiwapeleka usiwape hotuba, kila mmoja asimame kwenye mizinga aandike nani angemwona akija na nani asingemwona. Asiyeweza kwenda amuulize mtu wa bandarini meli zilichelewa vipi, na jibu lake nalo linaanzia TUMESIKIA.