Ukitaka kukiwakilisha chuo chako katika mbio nje ya nchi, anza na vyeti

Vijana ninaowafundisha mbio hapa Tanga wakija mara ya kwanza huuliza viatu. Mimi huwauliza cheti cha kuzaliwa kiko wapi.

Nina sababu. Nilikimbia mita 10,000 kwa chuo changu miaka mitatu, na safari yangu ya kwanza ya nje iliishia mezani: cheti cha kuzaliwa kilisema Mwanaisha, cha kidato cha nne kikasema Mwanaasha. Pasipoti haikutoka kwa wakati. Nililia siku mbili pale Chumbageni. Kwa hiyo linganisha majina yako leo, herufi kwa herufi, uyasahihishe ukiwa bado mwaka wa kwanza.

Kisha hesabu umri. Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu huja kila baada ya miaka miwili: 2025 ilikuwa Rhine-Ruhr, Ujerumani, na ya 2027 ni Korea Kusini. Masafa yetu ni mita 5,000, mita 10,000 na nusu marathoni. Ifikapo Desemba 31 ya mwaka wa mashindano usiwe umepita miaka 25, na uwe umesajiliwa chuoni au umehitimu mwaka uliotangulia. Aliyezaliwa 2002, basi, nafasi yake ya mwisho ni 2027. Ukitaka kuahirisha masomo kwa sababu ya ada, zungumza kwanza na mwalimu wa michezo, maana usajili ukikatika na mbio zimekatika.

Mazoezi sasa. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hewa ya Tanga ina unyevu, jasho halikauki upesi, mwili haupoi, moyo unakwenda mbio hata kwa mwendo mdogo. Usiifukuze saa ya mkononi. Ukipishana na mzee njia ya Raskazone ukaweza kumwamkia shikamoo na kumjibu habari za nyumbani bila kuhema, huo ndio mwendo wa siku nyepesi, na siku nyepesi ziwe nyingi kuliko ngumu. Jumanne tunachora uwanja wa shule kwa chokaa: mita 1,000 mara sita, kupumzika dakika mbili kila baada ya mita 1,000. Jumamosi ni barabara ya Pangani, kilomita tisa kwenda, tisa kurudi. Mwenye ndugu Lushoto akae huko likizo nzima. Baridi na vilima vile vinajenga miguu.

Mabinti, hili nawaomba mnisikilize. Dagaa, maharage na mchicha vina madini ya chuma, lakini chai ikinywewa papo hapo na chakula inazuia mwili kuyachukua. Subiri saa moja hivi. Pima wingi wa damu kila muhula. Na siku zako zikikoma kuja, usifurahi kwamba umepata nafuu: mara nyingi mwili unasema chakula hakitoshi, na mifupa ndiyo italipa. Mwone daktari, ongeza sahani. Dawa yoyote, hata ya mafua au ya mitishamba, muulize daktari wa michezo kabla hujaimeza, kwa sababu nyingine zina vitu vilivyokatazwa michezoni, na anayepimwa na kukutwa navyo ni wewe.

Mkimbiaji wetu Mtanzania, Suleiman Nyambui, alikuwa mwanafunzi El Paso, Texas, aliposhinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo, 1980, akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow. Huwa nawatajia hilo wanaodhani masomo yanamaliza miguu.

Siku yenyewe ya mita 10,000 ni mizunguko 25. Mitano ya kwanza kaa ndani ya kundi, karibu na mstari wa ndani, usiongoze hata ukijisikia mwepesi. Kuanzia wa kumi na sita anza kupita mmoja mmoja, kwenye nyoofu, si kwenye kona, maana konani unakimbia mita za bure. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia, usigeuke nyuma.