Somo: Mhusika anapofungua kinywa ndani ya insha

Karibu kila mwanafunzi anajua kwamba insha huandikwa kwa Kiswahili sanifu. Insha nyingi huharibika pale wahusika wanapoanza kuzungumza. Ama mtoto wa miaka kumi anaongea kama tangazo la serikali, ama msimulizi mwenyewe anaanza kupiga soga za kijiweni. Tuende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua ni nani anayesema

Msimulizi hushika sanifu tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika, akiwa ndani ya alama za mtajo, huongea kulingana na umri wake na mtu aliye mbele yake. Kijana akimwambia mwenzake, "Nimechoka ile mbaya," hana kosa. Lakini ukiandika: Juma alikuwa amechoka ile mbaya, hapo anayesema ni wewe, na kalamu nyekundu itapita.

Hatua ya 2: Tafuta adabu kwenye kitenzi

Hapa ndipo penye kazi. Wengi hudhani heshima ni kubandika "tafadhali" mwishoni. Sivyo. "Nyamaza, tafadhali!" bado ni karipio. Linganisha:

"Nipe daftari."
"Naomba daftari."
"Naomba uniazime daftari."
"Samahani, nilikuwa naomba uniazime daftari."

Ya kwanza ni amri, ingawa kwa marafiki haina ubaya, hasa ikimalizikia na "basi": "Nipe daftari basi." Ya pili ni ombi. Ya tatu imetumia dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi la kuomba au kupendekeza (uniazime), kwa hiyo uamuzi umebaki kwa anayeombwa. Ya nne imerudisha jambo la sasa kwenye wakati uliopita, na sauti imeshuka zaidi. Mbinu hiyo hiyo huokoa kitenzi "nataka", ambacho mbele ya mkubwa husikika kama madai: "Mwalimu, nilikuwa nataka kukuuliza jambo."

Angalia pia "hebu". Mzazi humwambia mtoto, "Hebu njoo hapa." Mtoto akimwambia mzazi hivyo, msomaji atajua kuna ugomvi unakuja. Kama ndilo unalolitaka, litumie! Mhusika mkorofi hatambulishwi kwa kuandika "alikuwa mkorofi". Mpe kitenzi cha amri mbele ya babu yake.

Hatua ya 3: Salamu ziwe fupi

"Shikamoo" na "Marahaba" huonyesha nani mkubwa, "Mambo?" na "Poa" huonyesha marika. Salamu ikishaonyesha uhusiano huo, endelea na kisa. Nusu ukurasa wa kujuliana hali hauongezi alama. "Baada ya kuamkiana" inatosha.

Hatua ya 4: Tafsida, kwa kiasi

Tafsida ni kusema jambo zito au la aibu kwa maneno laini: mtu hufariki dunia, huwa mjamzito, hujifungua, huenda haja. Ila usizidishe. Nimewahi kusoma insha ambamo mbuzi "aliaga dunia". Mbuzi hufa.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti

Masikio hukamata sentensi ngumu, macho yakamate tahajia: halafu (si alafu), hivyo (si ivyo), nimeshamwambia (si nimesha mwambia). Kila anapobadilika msemaji, anza aya mpya.

Maswali ya wanachama

Swali: Nitumie methali ngapi kwenye mazungumzo?

Hakuna idadi. Uliza kwanza nani anaitamka. Methali kinywani mwa bibi hukaa vizuri. Mtoto akimtolea baba yake methali, ni kama anamfundisha adabu. Ikibidi aseme, mpe kinga: "Baba, si nyinyi wazee mnasema haraka haraka haina baraka?" Hapo hekima inabaki kuwa ya wakubwa.

Swali: Mhusika wangu amemkanyaga mtu. Aseme "pole" au "samahani"?

"Samahani" ndiyo inayokiri kosa na kuomba kusamehewa. "Pole" ni ya kumwonea mtu huruma, hata kama huhusiki na kilichompata. Anaweza kusema zote mbili, lakini akisema "pole" peke yake, huenda aliyekanyagwa akaona kosa halijakubaliwa.

Swali: Insha ya mazungumzo ni sawa na kisa chenye mazungumzo?

Hapana. Insha ya mazungumzo huandikwa kama tamthilia: jina la msemaji, nukta mbili, kisha maneno yake. Vitendo huwekwa kwenye mabano, na alama za mtajo hazihitajiki. Kwa kuwa hakuna msimulizi wa kueleza kwamba mtu ana heshima au kiburi, Hatua ya 2 ndiyo itakayokubeba.

Swali: Mwalimu wangu hukata lugha ya mtaani hata ndani ya alama za mtajo. Nifanyeje?

Mfuate, yeye ndiye anayesahihisha. Kwenye mtihani pia ni salama kuitumia kwa uchache. Njia nyepesi ni usemi wa taarifa: Akamjibu kwa lugha ya vijana kwamba hana hata senti. Ladha inabaki, na neno lenyewe halionekani. Kama ni tusi, andika "akamtukana" uendelee na kisa.