Namna ya Kulichambua Swali la Kama Wakati Upo Kweli

Ukiulizwa kama wakati upo kweli au ni fikra ya binadamu tu, usikimbilie kusema ndiyo wala hapana. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na wanafunzi huniletea swali hili kila tunapoanza mada ya mwendo. Ubishi hukwama mapema kwa sababu kila mmoja anazungumzia lake: huyu ana kalenda kichwani, yule anawaza uzee, mwingine anaiwaza "sasa" isiyokamatika.

Basi anza kwa kutenganisha. Chukua karatasi uandike kila unachokihusisha na wakati: sekunde, wiki, mwaka, jana, kesho, muda, kutangulia, kuzeeka. Kisha kwa kila kimoja jiulize: binadamu wote wakitoweka leo, hiki kitabaki?

Vingine vitaanguka mara moja. Wiki ya siku saba haifuati mzunguko wowote wa angani. Wafaransa, baada ya mapinduzi yao, waliiweka kando mwaka 1793 wakatumia vipindi vya siku kumi kwa miaka kadhaa, na dunia ikaendelea kuzunguka vilevile. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliporekebisha kalenda, nchi zilizomfuata mara moja zililala tarehe 4 Oktoba zikaamka tarehe 15, wala hakuna aliyezeeka siku kumi usiku ule. Hata sekunde tumeikata wenyewe: tangu 1967 ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu-133. Mwaka usiufute haraka, maana kuuhesabu ni kazi yetu, lakini dunia kulizunguka jua hakukuamuliwa na mtu.

Wengi huishia hapa na kutangaza kwamba wakati ni wa kubuni. Hapo ndipo wanapopotea. Kilo nayo tumeibuni, ila jiwe halikuisubiri kilo ili liwe zito.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote: tafuta shahidi asiye na akili. Wangu ni myuoni, chembe ndogo zinazozaliwa juu sana angani miale ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Myuoni iliyotulia huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde) kabla ya kuvunjika. Hata ikienda karibu na kasi ya mwanga, umri huo ungeifikisha kama mita 660 tu, ilhali inazaliwa kilomita nyingi kutoka ardhini. Hata hivyo myuoni hufika chini kwa wingi, na vifaa vya maabara huzihesabu. Zinafika kwa sababu, tukizipima sisi tulio ardhini, mwendo wao mkali unarefusha muda wanaoishi. Chembe hiyo haina kumbukumbu, haina hofu ya kifo, haijui kalenda. Nani basi anayeifikiria hiyo mikrosekunde kwa niaba yake?

Ukitaka shahidi wa pili, mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walisafirisha saa za atomu, zilizo sahihi mno, kwa ndege kuizunguka dunia. Waliporudi, zile zilizozunguka kuelekea magharibi zilikuwa mbele ya saa zilizobaki chini kwa takriban nanosekunde 273 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Zilizoelekea mashariki zilikuwa nyuma kwa takriban 59. Fikra tupu haibadiliki kwa sababu ndege imeruka. Muda, kwa hiyo, uweke upande wa vitu vilivyopo.

Sasa njoo kwenye "sasa", na hapa nenda polepole. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba matukio mawili yanayotokea pamoja kwa mtazamaji mmoja yanaweza kupishana kwa mwingine aliye katika mwendo. Hakuna "sasa" moja inayoenea ulimwengu mzima. Mwanafalsafa McTaggart, mwaka 1908, alikwenda mbali zaidi. Alisema kila tukio lingepaswa kuwa lijalo, lililopo na lililopita, sifa zinazopingana, na kwamba bila sifa hizo hakuna wakati kabisa. Msome kwa heshima. Mimi namkubalia nusu: hiyo "sasa" inayotembea huenda ni yetu, lakini kutangulia kwa chanzo na kufuata kwa matokeo yake hakuitegemei.

Mwelekeo wa wakati pia uupime peke yake. Tone la wino husambaa majini na halijikusanyi tena, ingawa sheria za mwendo wa kila molekuli hazikatazi safari ya kurudi. Mwanafizikia Boltzmann alieleza kwamba mipangilio ya kusambaa ni mingi kupita kiasi ikilinganishwa na ya kujikusanya. Kwa nini ulimwengu ulianza ukiwa umepangika kiasi kile, fizikia bado haijajibu.

Mwisho, jiandae kwa atakayekuambia Einstein mwenyewe aliuita wakati kiini macho. Anakumbuka nusunusu barua ya Machi 1955, aliyoiandikia familia ya rafiki yake Besso aliyekuwa amefariki. Alichokiita kiini macho humo ni tofauti kati ya uliopita, uliopo na ujao. Muda unaopimwa kwa saa hakuugusa. Nadharia yake yote imesimama juu ya muda huo.