Simu, noti moja na macho yaliyofumbwa
Kwa wenzangu tunaopuliza tromboni ya jazi katika hoteli na harusi za Kisumu: kabla ya onyesho, iache simu itoe noti moja isiyokatika, tuseme B-flati, kisha fumba macho, upulize skeli, yaani noti zinazofuatana kwa ngazi, polepole kwa sauti ya chini na kuusogeza mrija wa kuvuta na kurudisha hadi ule mtikisiko unaosikika kati ya sauti mbili utulie. Mrija una nafasi saba zisizo na alama, na anayezipima kwa kuutazama mdomo mpana wa ala, unakotokea sauti, huzikisia tu. Isitoshe, joto la mchana hupandisha sauti ya ala, kwa hiyo nafasi ya jana si lazima iwe ya leo. Mbinu hii hushindwa mbele ya kinanda: noti ya D katika nafasi ya kwanza hukubaliana vizuri na B-flati ya simu, lakini kwenye kinanda, ambacho D yake imewekwa juu zaidi, husikika chini kidogo, na kwa kuwa mrija umekwisha kurudi wote, heri uipulize katika nafasi ya nne. Midomo ikichoka, acha, maana utaulaumu mkono bure kwa kosa la midomo.